Kiti cha Nyuma

Miaka tisa nimebeba watu Kayole hii:
wajawazito, magunia ya sukuma,
fundi na kioo chake kakikumbatia kama mchumba,
mara moja jeneza, dogo, la mtoto.
Leo Bi. Kathure ananipa kibao cheupe
chenye L nyekundu.
Funga nyuma, Kyengo. Kaza nati.
Wewe ni mwanafunzi.

Stejini Ochola alicheka hadi akakaa chini.
"Mzee wa lami karudi nasari!"
Nami nikacheka, maana nikinuna watacheka hadi jioni.
L ya nini? Ya lawama, akasema mmoja.
Ya lipa kwanza, akasema mwingine.
Pikipiki yangu ikasimama pale na aibu yake
kama mbuzi aliyefungwa utepe.

Darasa liko juu ya duka la simiti.
Kuna meza yenye mji uliochorwa kwa rangi,
mzunguko, vivuko, magari ya kuchezea watoto,
na kijiti cha kusogezea.
Nasimiyu, miaka kumi na tisa, anataka kupeleka vifurushi.
Hajawahi kuwasha injini
lakini kila alama anaijua kwa jina lake na la ukoo.
Mimi mizunguko ya mji huu nimeiingia usiku na mchana
na sikujua nani humpisha nani.
Mpishe atokaye kulia, akaninong'oneza.
Kumbe ni hivyo.
Nilidhani hupisha mwenye roho nyepesi.

Saa nane, uwanjani, vumbi.
Mitungi ya mafuta imejazwa mchanga,
tunaizunguka tukichora nane.
Kwenda mbio si kazi, anasema Bi. Kathure,
hata jiwe likitupwa huenda mbio.
Nionyeshe polepole.
Na polepole inanishinda!
Usukani unacheza, goti linatetemeka,
mguu unashuka chini bila ruhusa yangu.
Vidole viwili kwenye breki ya mbele, Kyengo. Viwili.
Breki ya mbele, ambayo miaka yote hii
nimeikwepa kama mama mkwe.

Sheria inasema mwanafunzi habebi abiria.
Basi narudi nyumbani na kiti kitupu.
Boda! ananiita mama mwenye kuku,
nipeleke Komarock.
Namwonyesha kibao.
Anakitazama, ananitazama, anasonya.
Chombo kimekuwa chepesi mno,
kwenye matuta kinaruka,
kinatafuta uzito kiliouzoea.

Mbithe alikaa hapo.
Barabara ya Spine, mvua ya Aprili, lori limezima taa.
Helmeti ilikuwa moja,
nayo ilining'inia kiwikoni mwangu kama kikapu cha sokoni.
Sitaki kusema mengi.
Sasa anauza mayai kwenye geti la shule,
anatembea akiuvuta mguu kana kwamba ni wa mtu mwingine,
na akiniona husalimia.
Siku ile, kabla hawajambeba, aliniuliza jambo moja:
Una leseni, Kyengo?
Nikasema ninayo.
Alitikisa kichwa, akaridhika.
Ningetamani asingeridhika.

Ndiyo maana nimenunua helmeti ya pili,
ya buluu, imefungwa kamba kwenye kiti kitupu.
Ochola anauliza ninambeba nani.
Namwambia ni ya mtihani.
Ni uongo pia, lakini mdogo.

Alhamisi ofisa ataniuliza
maana ya mstari wa njano usiokatika,
tairi lina upepo kiasi gani,
ukikuta ng'ombe barabarani utafanyaje.
Nitajibu. Nasimiyu amenifundisha.

Leo jioni nimechora nane nzima.
Bi. Kathure hakupiga makofi, si mtu wa makofi.
Alinyoosha tu kidole vumbini:
nane yangu imelala pale, imepindapinda,
na kando yake alama moja ya kiatu.
Jana zilikuwa nne.